Bei ya Kukaa Kushoto kwa Dereva

Kabla dereva hajawasha gari, mimi peke yangu nimevaa shilingi 235,000. Helmeti 95,000, HANS ya shingo 48,000, ovaroli 60,000, viatu 15,000, nguo za ndani pamoja na boshori 17,000. Ongeza kiti cha 55,000 na mikanda ya 32,000 inayonifunga humo, jumla inafika 322,000, na hapo bado sijagusa keji, ile fremu ya mabomba inayotulinda ndani ya gari, wala mitungi ya kuzima moto, wala dereva mwenyewe hajahesabiwa. Risiti zote ninazo, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni uhasibu na mtu wa hesabu hatupi karatasi. Mume wangu alipoiona jumla alikohoa, kisha akauliza kama chai ipo.

Mimi ni mwelekezi. Nakaa kushoto na kusoma noti za njia, binamu yangu anaendesha. Gari letu ni Subaru Impreza GC8, kuukuu lakini lina moyo, na mbio tunazoshiriki ni za vilabu vya hapa Kenya. Hatumo katika kundi la magari yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally ya dunia, yale yenye malori ya vipuri na helikopta juu. Sisi ni wale wa kuvuta gari kwa trela la kuazima. Kila wakati kuna mtu anayeniuliza anunue nini kipya, nini mtumba, na abane wapi, kwa hiyo nimeona niandike mara moja niwe naelekeza watu hapa. Bei ni zile nilizolipa mimi, usafirishaji na ushuru wa forodha ndani yake. Zako zitafuata dola ilivyoamka siku hiyo. Majina ya kampuni nimeyaacha makusudi. Katika vifaa hivi jina ni urembo. Unachonunua ni lebo ndogo iliyoshonwa au kubandikwa mahali ambapo haangalii mtu ila mkaguzi wa magari.

Nianze na shingo, maana ndipo watu hubana pesa zaidi na ndipo hapafai kubanwa.

HANS ukiiona mezani huielewi. Ni kama nira ndogo ya plastiki ngumu au kaboni: inakaa mabegani, ina ukuta mfupi nyuma ya kichwa, na kamba mbili zinazojifunga kwenye vishikizo vya helmeti, kimoja kila upande. Mikanda ya mabega inapita juu yake na kuigandamiza kifuani. Basi. Haina betri wala sehemu inayozunguka, na mtu akikwambia hilo ndilo la 48,000 unaweza kudhani umetapeliwa.

Piga hesabu ndogo. Kichwa cha mtu mzima na helmeti yake ni kilo sita hivi. Gari likigonga ukingo na kusimama ghafla kwa nguvu ya 50G, kilo hizo sita zinavuta mbele kama kilo 300. Mwili umezuiwa na mikanda, kichwa hakijazuiwa na chochote ila shingo. Kinachovunjika mara nyingi si shingo yenyewe bali mfupa wa chini ya fuvu, pale fuvu linapokalia uti wa mgongo, na hapo kuna mishipa ya damu isiyosubiri ambulensi. Ndivyo alivyokufa dereva wa Formula One, Roland Ratzenberger, kule Imola Aprili 1994, siku moja kabla ya Ayrton Senna. Ndivyo alivyokufa pia Dale Earnhardt, mfalme wa NASCAR, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 mwezi Februari 2001, ajali ambayo kwenye televisheni ilionekana ya kawaida kabisa.

Kinachoniudhi katika habari hii ni kwamba dawa ilikuwepo. Robert Hubbard, profesa wa chuo kikuu cha Michigan State aliyekuwa mtaalamu wa majeraha ya ajali za magari, na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mbio, waliianza kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 1980 baada ya rafiki yao Patrick Jacquemart kufa kwenye majaribio mwaka 1981. Walikuwa wakiuza HANS tangu mwaka 1991, na madereva wakaikataa: inabana, inazuia kugeuka, inanifanya nionekane mwoga. Earnhardt mwenyewe hakuivaa. Baada ya kifo chake simu za Hubbard na Downing hazikunyamaza, NASCAR ikalazimisha kinga ya shingo Oktoba mwaka huohuo, na Formula One ikaifanya sharti kuanzia msimu wa 2003. Miaka kumi na zaidi kitu kipo dukani na watu wanazikwa. Kwa hiyo kijana akiniambia "hata Joginder Singh alishinda Safari bila HANS", namjibu kwamba Joginder alishinda 1965, 1974 na 1976, na angekuwa hai leo angeivaa maana hakuwa mjinga.

Sasa matumizi, kwa sababu madukani wanauza bila kumpima mtu. HANS hutengenezwa kwa pembe tofauti kulingana na kiti kilivyolala. Viti vya rally vimesimama wima, na kwa wengi wetu nyuzi 20 inatosha. Wanaolala zaidi, kama magari ya saketi, huvaa 30. Niliyoletewa mwanzoni ilikuwa ya 30, kwa maelezo ya muuzaji kwamba "hiyo ndiyo inatoka sana". Nilipokaa kwenye kiti changu, ukuta wa nyuma ukanisukuma kichwa mbele kama ninayesinzia kanisani. Ilirudishwa. Nauli ya kurudisha niliilipa mimi, na muuzaji huyo hajaniona tena.

Kwa mwelekezi kuna jambo ambalo dereva halijui. Sisi tunatazama chini. Daftari la noti liko mapajani, macho yanapanda barabarani na kushuka tena kila baada ya kona. Kamba za HANS zikiwa fupi mno, kichwa kinakwama kabla macho hayajafika kwenye mstari, nawe unaishia kulibeba daftari kifuani kama trei. Tafuta zile ambazo kamba yake inateleza ndani ya nira, inayokuruhusu kugeuka kushoto na kulia bila kulegea mbele. Zangu zinateleza. Nikageuka kumtazama binamu anapodai kwamba hakusikia noti ya kona, "kulia nne, funga", namwona vizuri sana.

Mfupa wa bega uliuma mwanzoni, hasa upande wa ndani ambako mkanda hukaa karibu na shingo. Vipande vya sponji vinauzwa, nikabandika, ikaisha. Kutoka garini ndiko kunahitaji mazoezi: nira hushika kwenye masikio ya kiti. Fungua kamba kwanza au inama upande wa mlango kabla ya kuinuka. Fanya mazoezi nyumbani gari likiwa limezimwa, watoto wa jirani wakikucheka, ili siku ya moshi mikono ijue njia.

Je, ununue ya kaboni? Zinauzwa mara mbili na hata tatu ya bei yangu. Zote zina lebo moja, 8858-2010 ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, na zote zimepita mtihani uleule. Kaboni ni nyepesi kwa gramu chache. Kama una pesa za kununua gramu, heri. Mimi nilinunua plastiki na tofauti ikawa mikanda.

Helmeti inakwenda pamoja na HANS, usinunue moja bila kuifikiria nyingine. Lazima iwe na vishikizo vya kamba vilivyowekwa kiwandani au mahali palipoandaliwa na kiwanda. Nimeona helmeti iliyotobolewa kwa drili ya ukutani ili kutia vishikizo, na mwenye nayo akaja kwenye ukaguzi akitabasamu. Mkaguzi hakutabasamu. Lebo za kutafuta ni FIA 8859-2015 au SA2020 ya Snell, shirika la Marekani linalopima helmeti. Helmeti ya pikipiki, hata ile ya bei kali, haifai: haijajaribiwa kwa moto, wala haikupimwa kwa kugongwa kwenye bomba la keji mara zaidi ya moja, na ndani ya gari la rally kitu unachogonga ni bomba.

Niliyonayo iko wazi usoni, ina intakomu ndani. Katika vumbi la Kajiado kuna siku natamani ya kufunika uso wote, lakini sauti inasikika vizuri zaidi hivi, na sauti ndiyo kazi yangu. Malalamiko: plagi ya intakomu haikuoana na mashine iliyokuwa kwenye gari, kila kiwanda kina plagi yake kana kwamba tunapigania mipaka. Waya wa kuunganisha ulinigharimu bei ya shokamzoba ya Probox. Uliza swali hilo kabla ya kulipa. Na mtumba wa helmeti, hapana, hata ukipewa na ndugu. Povu la ndani hukandamizika mara moja tu katika maisha yake, na likishakandamizika huwezi kuliona kutoka nje. Usipake rangi ya bendera kwa fundi wa spreya, wala usisafishe kwa petroli. Vimumunyisho hula ganda. Maji na sabuni ya kuoshea vyombo vinatosha.

Mikanda ndiyo iliyotutia aibu hadharani. Binamu aliipata mtandaoni kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo, mikanda ya kufungwa sehemu sita, myekundu, inang'aa, kwa bei ya kutupa. Picha zilionyesha kila kitu isipokuwa lebo. Siku ya ukaguzi mkaguzi, mzee mpole ambaye huwa anasalimia kabla ya kukuangusha, aliugeuza mkanda wa bega, akavaa miwani, akasoma mwaka kwa sauti. Ulikuwa umekwisha zamani. "Kijana wangu, hii ni ya kufungia mzigo," akamwambia. Tulikimbizana na simu hadi usiku tukapata ya kukodi.

Wengi hudai mwaka ule ni biashara ya viwanda tu. Kwa mikanda, siwaungi mkono. Nyuzi zile zinaliwa na jua, na gari letu hukaa nje kwenye jua la Nakuru. Vumbi nalo ni changarawe ndogondogo. Linaingia kati ya nyuzi na kila ukivuta kurekebisha linakata. Ukifika mwisho wa mbio za Bissil shika mkanda, uukunje karibu na sikio: utasikia unavyosaga. Hapa kwetu mikanda huzeeka haraka kuliko Ulaya, si polepole. Ikishapata ajali kubwa nayo ibadilishwe hata kama lebo ina miaka mbele, maana imeshavutika.

Namna ya kuifunga ni bure na watu wengi huikosea. Ya mabega ishuke nyuma ya kiti karibu na mlalo kadiri inavyowezekana. Kanuni za FIA zinapendekeza isizidi nyuzi 10 na zinakataza kupita 45. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti, kama nilivyoona kwenye gari moja la autokrosi Jamhuri, ajali ikitokea mkanda unavuta mabega chini na uti wa mgongo ndio unaobeba.

Kuhusu kiti, hapo nina kinyongo. Cha kawaida chenye lebo ya 8855-1999 kinaruhusiwa miaka mitano tangu kitengenezwe, na kiwanda kinaweza kukuongezea miwili. Cha daraja la juu, 8862-2009, kinapewa kumi, ila bei yake ni ya injini. Naelewa kuwa ganda la nyuzi za kioo huchoka. Lakini kiti changu hakijawahi kugongwa, kimekaa bodi nzuri, hakina ufa, na bado tarehe ikifika kitakuwa cha sebuleni. Kwa klabu za nchi ambako shilingi ndiyo inayolipa, ningependa kuona njia ya kukagua kiti na kukiongezea muda, hata kwa ada. Sheria ikiwa ghali kupita kiasi watu hawaachi mbio. Wanahamia kwenye mashindano ya mtaani yasiyo na mkaguzi.

Hata hivyo sitakwepa kununua, na sababu ni Michael Park. Alikuwa mwelekezi wa Markko Märtin katika Peugeot 307. Septemba 2005, kwenye rally ya Wales, gari lao liliteleza likagonga mti kwa ubavu. Dereva alitoka mzima. Park, upande ule wa mti, alikufa palepale. Mbele ya gari kuna injini na chuma cha kutosha kubonyea. Ubavuni kuna mlango na kiganja cha nafasi. Ndiyo maana nilichagua kiti chenye masikio yanayozunguka kichwa, ingawa binamu analalamika kwamba hanioni usoni. Simlipii petroli anione usoni.

Onyo kuhusu vile viti vizuri vinavyotoka kwenye magari ya mtumba ya Japani, kama Recaro za Mitsubishi Evo. Ni viti bora vya barabarani. Vinalala kwa kishikio, vina reli ya kusogea mbele na nyuma, na kila kinachosogea ni kinachoweza kukatika. Cha mbio hakisogei: boliti nne za milimita 8 au zaidi, mabano ya chuma yasiyo chini ya milimita 3, na sahani za kuimarisha chini ya bodi. Vyetu vilifungwa na fundi kwa nusu siku na nikahakikisha kila boliti kwa mkono wangu.

Na sasa fundi mwenyewe, maana yeye ndiye huduma pekee katika orodha hii ninayoweza kuipa nyota zote. Yuko Industrial Area, Nairobi, nyuma ya karakana ya malori, hana bango. Tulimpelekea gari likiwa na keji ya mwenye gari wa kwanza. Akaigonga kwa spana, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, nani alitengeneza hii?"

"Gari tulilinunua nayo, mzee."

"Basi aliwauzia kitanda."

Akakata kipande na msumeno, akanipa. "Pitisha kidole kwa ndani." Nikapitisha, nikasikia mstari mwembamba uliosimama urefu wote wa bomba. Ule ni mshono: bati limekunjwa na kuunganishwa, ndilo bomba la fenicha na mageti. La keji linatakiwa kuvutwa baridi bila mshono, ndani liwe laini pande zote. Kisha akaleta kipimo. Tao kuu nyuma ya viti ni kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Letu lilikuwa na unene usiofika hata 2.

Nilikaa pale siku nzima nikitazama kazi, na kuna kitu nilikiona ambacho tangu hapo huwa nakiangalia kwenye kila gari. Kiungo cha bomba lazima kichomelewe kuzunguka chote. Juu, karibu na paa, hakuna nafasi ya kupitisha mkono, kwa hiyo mafundi wengi huchomelea nusu ya chini inayoonekana na kupaka rangi. Huyu mzee alitoboa sakafu matundu chini ya miguu ya keji, akaishusha yote ikapita chini, kiungo cha juu kikawa wazi, akachomelea mduara mzima bila kuinamisha shingo. Kisha vijana wakainua keji ikarudi mahali pake, matundu yakazibwa, zikaja sahani za unene wa milimita 3 zilizochomelewa kwenye bodi, ndipo miguu ikakalia. Ukitaka kumjua fundi wako, chukua kioo cha kujipodoa, kipitishe juu ya kiungo karibu na paa, utazame kama kuna mshono wa moto au ni rangi tu.

Keji ilitugharimu 210,000, zaidi ya nusu ikiwa ni mabomba yenyewe. Ukaguzi ulipita bila neno. Sponji la kufunika mabomba karibu na vichwa lisiwe lile jeusi la mabomba ya friji linalouzwa kwa mita, ambalo ukilibana kwa vidole viwili vinakutana. La mbio ni gumu kama soli, lina namba 8857-2001, na ni bei ndogo ukilinganisha na chochote nilichotaja hadi sasa.

Wanaonunua magari mapya hawapiti njia hii. Ford Fiesta Rally3, kama ile Maxine Wahome aliyoshindia daraja la WRC3 kwenye Safari ya 2022, inatoka kiwandani na keji iliyoidhinishwa, ila bei yake ilipozinduliwa ilikuwa kama euro 100,000. Hata wakubwa wamelalamika: kuanzia 2027 magari ya daraja la juu la dunia yamewekewa kikomo cha euro 345,000 kila moja, kwa kuwa viwanda vilikuwa vinakimbia. Mimi nasoma habari hizo kama anayesoma bei za ndege.

Moto. Ovaroli yangu ina tabaka tatu, lebo ya 8856-2018, ina joto la kuchemsha mtu Bissil saa saba mchana. Wenye mashaka watazame ajali ya Romain Grosjean wa Formula One kule Bahrain, Novemba 2020: gari lilipasua kizuizi kwa kishindo cha 67G, likakatika vipande viwili na kulipuka, naye akakaa ndani ya moto sekunde kama 28 kabla ya kutoka kwa miguu yake. Kilichoungua zaidi ni mikono.

Mambo mawili ya kuhifadhi vazi hilo. Nembo za wadhamini zishonwe kwenye tabaka la nje peke yake. Mwenzangu mmoja aliipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani, akapitisha sindano tabaka zote tatu na kubandika kwa pasi juu yake. Nembo ni ya duka la matairi, imekaa vizuri, na vazi limeharibika. La pili ni kuanika kivulini. Jua hula kitambaa hicho kama linavyokula mikanda. Chini yake, nguo za ndani za mbio, au ukikosa kabisa kwenye mazoezi, pamba tupu. Ile jezi ya nailoni uliyonunua Gikomba huyeyuka na kushikana na ngozi.

Glavu kwa mwelekezi si lazima, kanuni za FIA zimetuachia hiari kwa sababu ya kugeuza kurasa. Nilijaribu nazo, nikafungua kurasa mbili kwa pamoja katikati ya mbio, na binamu akaambiwa kona ambayo haikuwepo. Naziweka mfukoni mwa mlango.

Kuna vitu vya bei rahisi ambavyo sijui kwa nini watu hukumbuka asubuhi ya mbio. Visu viwili vya kukatia mikanda, kila mmoja aufikie wake akiwa amefungwa na gari likiwa juu chini. Jaribu, maana wengi hukifunga mahali panapofikika gari likiwa limesimama tu. Bango la SOS na OK. Pembetatu ya kuakisi. Mtungi wa kuzima moto unahitaji kukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na ufungwe kwa mikanda miwili ya chuma ya kufunguka haraka. Mtungi uliofungwa kwa waya au kamba ya mpira ni kombora ulilojiwekea mwenyewe nyuma ya kichwa.

Anayeanza na 150,000 mkononi, ushauri wangu ni huu: nunua helmeti na HANS mpya, ovaroli azima kwa mtu wa umbo lako ambaye hashiriki mbio hiyo, na uanze kwenye gari la mtu mwenye keji na viti vilivyopita ukaguzi. Usijenge gari lako mwaka wa kwanza. Rangi, rimu na stika zina wadhamini wake, shingo haina.

Watu hushangaa HANS ya 48,000, lakini tairi nne mpya za changarawe zinapita 100,000 na kuna wikendi zimerudi nyumbani mbili. Nimegawa kila kifaa kwa idadi ya mbio kinachoweza kudumu, na vya usalama ndivyo rahisi kuliko vyote kwenye jedwali langu. Ghali kabisa ni turbo.

Ambayo ndiyo mada ya sasa. Lebo za viti vyetu vyote viwili zinaisha mwakani, yaani 110,000 nyingine, na binamu tayari ameanza kusema kwamba turbo inavuja. Kikao cha bajeti ni Jumapili kwa shangazi, baada ya chakula. Kitabu cha hesabu nitakibeba mimi.